Hiyo ya Mbele

Kwa miaka mingi kazi yangu ya Jumapili, baada ya kanisa, ilikuwa kumshikia mama simu. Kiharusi kilikuwa kimempoozesha upande wa kulia, na mkono wa kushoto ulichoka upesi. Basi nilikaa ukingoni mwa kitanda chake, nikaishika simu mbele ya uso wake, na kaka yangu akatokea humo akiwa na fulana tu ndani ya nyumba yenye joto. Sisi tulikuwa Molo. Mimi nilikuwa na sweta mbili na kofia ya marvin ya sufu, na mama alikuwa chini ya blanketi zote tulizokuwa nazo.

Tuko wawili tu, yeye mkubwa na mimi ninayemfuata. Aliondoka nchini akiwa kijana. Kazi yake huko ng'ambo mpaka leo ni kutunza wazee katika makao ya wazee: kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza kitandani wasipate vidonda. Nitalisema hili mara moja tu, nisije nikaonekana mtu wa kinyongo. Yeye aliwaosha mama za watu kwa mshahara, na mimi nikamwosha wetu.

Huko kazini ndiko alikojifunza Kiingereza cha huruma. Kiingereza cha shule tulikuwa nacho sote, lakini kile cha kumwinamia bibi kizee na kumwambia umefurahi sana kwamba amemaliza uji wake, hicho alifundishwa huko, na kikamganda. Alipopiga simu nyumbani, yote aliyoyahisi yalimtoka kwa Kiingereza. Akishafika kwenye habari yenyewe anarudi Kiswahili, maana kwetu tuliongea Kiswahili tangu utotoni, baba na mama wakiwa wa makabila mawili.

"Mum, I'm so glad that umekula."

"Mum, I'm worried that hulali vizuri."

"I'm sad that hakuna mtu wa kukutoa kwa jua."

Hiyo ya mwisho niliisikia simu ikiwa mkononi mwangu, mimi niliyekuwa nimetoka kumrudisha mama ndani baada ya kumwotesha jua tangu nilipotoka kanisani. Mgongo ulikuwa bado unaniuma. Niliendelea kushika simu kwa sababu mama alikuwa anatabasamu.

Mama aliyashika vizuri maneno ya nyuma. Kula, kulala na jua hazikumhitaji mkalimani. Kilichompita ni kile kipande cha kwanza, na hakukubali kimpite. Alinigeuzia jicho lile zima na kuniuliza, kila Jumapili, kwa sauti ya mtu aliyekatiwa chai yake nusu kikombe:

"Hiyo ya mbele anasema nini, mwalimu?"

"Anasema amefurahi."

"Amefurahi nini?"

"Kwamba umekula."

"Eh. Mwambie ni viazi. Na maziwa kidogo."

Aliniita mwalimu kwa utani, lakini ndiyo kazi yangu. Nafundisha Kiingereza katika shule ya kutwa ya sekondari, huku juu ambako asubuhi ukungu huingia darasani pamoja na wanafunzi. Nimefundisha somo hilohilo mara nyingi kiasi kwamba naweza kulifundisha nikiwa na homa, na nimewahi: namna Waingereza wanavyotaka useme kwanza u hali gani, ndipo useme kwa nini. Una furaha kwamba. Una hakika kwamba. Una aibu kwamba. Naandika ubaoni, naacha nafasi, wanafunzi wanajaza.

Wanafunzi wangu ni watoto wa wakulima wa viazi na wafugaji, na hawakuwahi kuona haja ya mpangilio huo. Kwao mtu huanza na habari. Ng'ombe amezaa. Lori limekwama. Kama umefurahi au umeudhika, waliopo wataona. Msichana mmoja aliniuliza, bila ubishi wowote, "Madam, kama niko happy si wataona tu?" Darasa likacheka. Nikamwambia mtihani hauna macho, ajaze nafasi.

Lakini nikianza kufundisha kitu huanza kukisikia kila mahali, na hiki kilinichosha. Naibu mwalimu mkuu alikuwa "disappointed that" kila tukikutana gwarideni. Kundi letu la WhatsApp la mtaa lilikuwa "saddened that" kila wiki, na nusu ya waliohuzunika hawakuonekana matangani. Siku moja tulimlaza mama kwenye kiti cha nyuma cha probox ya jirani, tukateremka naye hadi kliniki moja ya Nakuru mjini. Tulipofika dirishani, msichana mwenye kucha nzuri akaniambia bila kuinua kichwa, "I'm afraid that mashine iko down." Mama akanivuta sketi. Hiyo ya mbele anasema nini? Nikamwambia anaogopa. Mama akamtazama yule msichana kwa huruma, akamwambia, "Usiogope, mami, tutarudi." Nilicheka njia yote ya kurudi mpaka Njoro, halafu nikalia kidogo.

Hivyo ndivyo nilivyochoshwa na vile vipande vya mbele vya watu. Furaha zao, masikitiko yao, shukrani zao, vyote vilitangulia kwa fahari, na nikingojea kinachofuata, kinakuwa kitu kidogo au hakiji.

Mwaka mmoja ilitokea nafasi ya kuhamia shule ya Nakuru. Mume wangu anafanya kazi huko, alikuwa akipanda Molo wikendi tu, na binti yetu alikuwa anakua akimwona baba yake kama mgeni anayeleta mkate. Nilikataa ile nafasi. Mama hangeweza kuteremka kukaa chumba cha kupanga, na hapakuwa na mtu wa kuachiwa. Nilimwambia kaka yangu kwenye simu ya Jumapili, kwa maneno machache, mikono yangu ikiwa bado na sabuni. Akasema, "Sis, I'm so grateful that uko hapo."

Mama akauliza hiyo ya mbele.

"Anashukuru," nikamwambia.

"Anamshukuru nani?"

"Sisi wote."

"Vizuri," mama akasema, akafumba macho. Nikakata simu, nikarudi kwenye beseni.

Binti yangu alikuwa darasa la nne mama alipopatwa na kiharusi. Mama alifariki yeye akiwa amemaliza kidato cha nne. Ilikuwa asubuhi, wakati wa baridi ile ya Julai, baada ya vijiko vichache vya uji. Nilimpangusa mdomo, nikapeleka bakuli jikoni, na niliporudi alikuwa ameshakwenda.

Kaka yangu alikuja. Nilikuwa sijamwona ana kwa ana tangu wakati nywele zake zilikuwa bado nyeusi zote. Siku moja kabla ya mazishi, mchana, tulikuwa nyuma ya jikoni, wanawake wengi na magunia ya viazi, tukimenyea watu wa kesho. Akaja na koti lake linalopiga kelele kila akisogea, akageuza kreti, akakaa karibu yangu, akaomba kisu. Alimenya vibaya, akikata kiazi zaidi ya ganda. Nikamwacha.

"Sis," akasema chini chini, "kesho nikipewa maiki kuna kitu nataka kusema. Kukuhusu."

"Sema sasa."

"No, kesho. Nataka watu wasikie."

Sitajifanya. Nilitaka sana. Usiku sikulala vizuri kwa kutaka. Nilitaka aseme mbele ya wanawake wa kanisa, mbele ya mume wangu na binti yangu, kwamba yeye ndiye aliyeniachia mama, na kwamba alijua. Pole nilikuwa nazo za kutosha, nimepewa pole hadi nikakosa pa kuziweka. Nilitaka alitaje jambo lenyewe kwa mdomo wake.

Siku yenyewe, mke wake na watoto, pamoja na watu wa kazini kwake, walikuwa wanatazama mazishi moja kwa moja kupitia simu iliyofungwa kwenye fimbo. Kwa hivyo angeongea Kiingereza, na mimi nitafsiri. "Si wewe ndio mwalimu," MC akasema, na hilo likaisha. Haikuwa kazi ngeni kwangu. Kanisani kwetu mhubiri mgeni akija na Kiingereza chake, mimi ndiye husimama kando yake. Sheria ya kazi hiyo ni kwamba unasema "mimi". Mhubiri akisema aliwahi kuwa mlevi, unasema nilikuwa mlevi, mbele ya waumini wanaokujua tangu ubatizo, na hucheki. Mhubiri mzoefu naye hukata sentensi vipande, akungoje, kisha aendelee.

Kaka yangu alikata sentensi zake palepale alipozoea kubadilisha lugha kwenye simu.

"I am happy that," akasema.

"Nimefurahi kwamba," nikasema.

"You have all come."

"Mmekuja nyote."

Watu wakaitikia. Kulikuwa na manyunyu, na chini ya mahema gumboots zilikuwa zimesaga nyasi zikawa tope. Akaendelea. Anajivunia kwamba huyu alikuwa mama yake. Ana hakika kwamba amepumzika. Nilimfuata kipande kwa kipande, sauti yangu ikitoka shwari kabisa, kama ninasoma imla. Nilikuwa nahesabu moyoni, hii bado, hii bado.

Kisha akaacha kuwatazama watu, akanigeukia mimi.

"And I am sorry that," akasema.

Nikaleta maiki yangu mdomoni. "Na ninasikitika kwamba," nikasema.

Akanyamaza. Maiki ikamshuka hadi kifuani. Nami nimesimama pale, nimewageukia majirani zangu wote, nimeshawatangazia kwa sauti yangu mwenyewe kwamba ninasikitika, na sijui kwamba nini. Watu wakangoja. Maneno yaliyotakiwa nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo kwa Kiswahili safi, yamekaa mdomoni miaka na miaka. Ningeweza kuyasema na wengi wangeamini ni yake. Sikuyasema. Sikunyamaza kwa uaminifu wa kazi, nilinyamaza kwa sababu nilitaka yatoke kwake, na kama hayatoki, basi yasitoke.

Sasa, kwetu mtu akishindwa kuongea mazishini, haachwi amesimama vile. Ni heshima. Mwanamke mmoja huanzisha wimbo, wengine wanaudaka, na aliyelemewa anapata pa kujificha. Nimewahi kuuanzisha mimi mwenyewe, kwa ajili ya wajane na baba wa watu. Siku ile ulianzishwa na kiongozi wa kwaya, mama mwenye mapafu ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde, na kabla ya mstari wa pili boma zima lilikuwa linaimba. MC akamshika kaka yangu bega, akamtoa maiki mkononi. Midomo ya kaka yangu ilikuwa bado inacheza. Niliona inacheza. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko mtu yeyote, na sikusikia kitu. Kisha mchungaji akaita wachukuzi, jeneza likabebwa.

Tulipomaliza kula, jirani yetu wa upande wa chini alinishika mikono yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Umeona Mungu lakini! Ameomba msamaha mbele ya watu. Kwamba alikuachia mama hivyo."

"Alisema hivyo?"

"Si wewe ndio ulikuwa unatafsiri?"

Akaja nyanya mmoja wa kikundi cha kina mama, akaniambia ni vizuri kijana amekiri kwamba hakumjengea mamake nyumba ya mawe. Mume wangu, tukipakia viti, akasema angalau jamaa amekubali kwamba alipaswa kuja mama alipolazwa. Kila mmoja alikuwa amejaza nafasi kwa lile alilolijua yeye, na kila mmoja aliondoka ameridhika. Nilichukia. Boma zima lilikuwa limesikia msamaha niliosubiri, isipokuwa mimi niliyesimama kwenye maiki.

Kesho yake aliondoka. Gari la kukodi lilikuwa limeegeshwa kando ya jikoni, dereva akipangusa vioo vyenye umande. Nilikuwa nimemwekea viazi kwenye mfuko awapelekee wenyeji wake wa Nairobi. Tulitembea pamoja hadi kwenye gari, pole pole, kwa sababu ya utelezi.

"Nashukuru nilisema," akaniambia. "Kusema ukweli, nahisi nimetua mzigo."

"Ulisema nini?"

Akacheka kidogo. "Si wewe ulitafsiri, sis."

"Nilitafsiri ya mbele."

Akasimama.

"Ulisema I am sorry that," nikamwambia, "nami nikasema ninasikitika kwamba. Halafu wakaimba."

"Zii, sivyo. Nilimaliza. I'm sure that nilimaliza."

"Labda ulimaliza. Mimi sikusikia."

"Lakini watu wamekuwa wakinisalimia tangu jana, wakiniambia nimefanya vizuri..."

"Kila mtu alisikia lake."

Alitazama chini, kwenye viatu vyake vilivyojaa tope la kwetu. Niliona anaelewa, na niliona pia anatamani nisingemwambia. Angepanda ndege akiwa mwepesi, na mimi ndiye niliyemrudishia mzigo mlangoni pa gari. Sikumwonea huruma. Nilikuwa sina ya kumpa.

Akavuta pumzi. "Sis, I'm so sorry that..."

Niliinua mkono. "Hapana. Hiyo naijua. Nimeitafsiri miaka yote. Anzia hapo baada yake."

Dereva alikuwa ameingia garini, anajifanya anatafuta kitu kwenye redio. Kaka yangu akageuka akatazama dirisha la chumba cha mama, ambalo nilikuwa nimelifungua asubuhi ile hewa iingie, na pazia lilikuwa nje linalowa. Aliposema, alisema kwa Kiswahili chetu cha utotoni, sauti ikiwa ndogo, hata koti lake halikupiga kelele.

"Nilikuachia mama."

Nikangoja.

"Nilijua unaumia," akasema. "Ulipokataa ile kazi ya Nakuru nilijua ni kwa sababu yangu. Nikakuachia tu. Ilikuwa rahisi."

Hapakuwa na cha mbele. Hakuniambia anasikitika, hakuniambia ana aibu. Na kweli, sikuhitaji kuambiwa, nilikuwa namtazama. Nilikuwa nimedhani siku nikiyasikia maneno hayo nitalia, au nitampiga kofi, au nitamkumbatia. Nilijishika kwenye mlango wa gari, ndivyo ilivyokuwa tu. Niliutazama ule mfuko wa viazi, nikaona nilisahau kuufunga.

Akaniwekea mkono begani. Ule mkono uliozoea kugeuza wazee ulijua pa kushika.

"Na wewe, sis?" akauliza. "Uko aje?"

Nilitafuta neno. Mwalimu mzima, nina ubao mzima wa maneno hayo, ya furaha na ya uchungu, nimeyafundisha watoto wa watu mpaka wakayaota.

"Nimechoka," nikasema.

Akainamisha kichwa upande mmoja, akangoja, vilevile alivyokuwa akingoja mama simu ikiwa mbele ya uso wake.

"Hakuna inayofuata," nikamwambia. "Ni hiyo tu."